Mlango wa Kuazima

"Mgeni wa hasara hafagiliwi." Mmeusikia msemo huo msibani, wanangu, sasa mnataka kujua ulikotoka. Ulianza hivi.

Vita vilipoisha, Ma Kemilembe alirudi akaikuta nyumba yake imegeuzwa kambi. Askari walikuwa wamechoma milango kwa kupikia, wakang'oa mabati, na kuta za udongo zimejaa matundu ya risasi. Binti yake, Koku, alibaki ugenini na kichanga, akingoja nyumba iezekwe ndipo arudi.

Siku moja mwenyekiti akapita akitangaza: "Wiki ijayo mna wageni! Wanakuja kutazama hasara ya vita kwenye nyumba. Palipoharibiwa, serikali italeta mabati na milango."

Wengine walisikia mabati. Ma Kemilembe alisikia wageni.

Na kwetu mgeni hapokelewi kwenye majivu. Akaziba matundu, akasiliba kuta, akaezeka kwa nyasi. Akaazima mlango kwa jirani yake, Ta Rweyongeza, mlango pekee ambao mzee huyo aliwahi kuuficha migombani kabla askari hawajafika. Akatandaza majani mabichi sakafuni.

"Ma Kemi, kuna harusi?" Rweyongeza alimtania.

"Nyamaza wewe! Wageni wakute aibu yangu mlangoni?"

Afisa wa serikali alikuja, akala ndizi, akashukuru. "Hapa vita havikupita, mama. Twende kwa jirani."

"Havikupita? Baba, walilala humu!" Akanyakua jembe, akaanza kubandua udongo. Lakini udongo mbichi uliporomoka na ukuta wake. Tundu la risasi na la jembe yakawa kitu kimoja.

"Anasema kweli, bwana," Rweyongeza akadakia.

"Leo kila mtu ana shahidi, mzee. Mimi naandika ninachokiona."

Kwa Rweyongeza aliona nyumba isiyo na hata mlango mmoja.

Mabati yalipofika, yalishushwa kwa Rweyongeza, na milango mipya juu yake. Akaja kwa Ma Kemilembe, kofia mkononi, macho chini.

"Ule wa zamani ubaki nao, dada."

Koku alituma salamu kwamba mtoto anakohoa, nyasi zitavuja, labda mwakani. Mama yake akaupaka mafuta ule mlango, bawaba zisilie siku Koku atakapoingia.

Na kila aliyepita kumpa pole, alimkaribisha ndani, akamwonyesha kuta zilizosilibwa vizuri, akasema taratibu: "Mgeni wa hasara hafagiliwi."