Mwingereza Alimpa Nini Sultani?

Palikuwa na Sultani, jina lake Shekuwe, mkali wa bao na mkali wa watu. Siku moja alimfunga mgeni wake Mwingereza kwenye bao. Mgeni akasukuma kete, akasema, "I give up," akaenda zake.

Sultani alijua Kiingereza cha kuombea chai. "Give" ni kutoa, "up" ni juu. Basi akakaa anangoja atolewe kitu. Hakikuja hata kitambaa. Akamwita Mwanasiti, aliyekuwa akimfulia Mwingereza nguo.

"Mwingereza kaniahidi nini? Nieleze, nielewe. Nisipoelewa, Mtaa wa Kisimani nauvunja nijenge banda la farasi."

Kisimani ndiko kwao Mwanasiti, na mama yake mgonjwa yumo ndani. Mwanasiti akajibu:

"Neno hili, Bwana wangu, halielezwi likaeleweka. Mpaka likupate. Kitendawili."

Sultani kwa vitendawili hajiwezi. "Tega."

"Nikimwita haji. Nikimfukuza, hunikalia machoni."

"Paka."

"Paka huja, Bwana, akisikia harufu ya papa."

"Mkwe."

"Mkwe nani humfukuza?"

"Nzi."

"Nzi aliitwa lini?"

Sultani akavua kilemba, akajikuna. Wazee wa baraza wakatazama dari. "Haya, nimeshindwa. Sema."

"Nipe mji kwanza."

Ada ni ada. Aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, hata watoto wanajua.

"Chukua Mombasa."

"Mombasa nimekwenda, wakaniuliza nani kanituma. Nilipokutaja wakacheka. Sisi maskini hugawa miji ya watu kwa kuwa hatuna yetu. Wewe unayo, Bwana. Nipe kilicho chako."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Sultani hakutaka kuaibika, na jibu linamwasha. "Chukua huo Mtaa wenu wa Kisimani, baraza hili shahidi. Haya, sema."

"Usingizi."

Sultani akajipiga paji la uso. Halafu akanuna. "Mtaa umeshauchukua, na neno la Mwingereza hukunieleza."

"Umelisema mwenyewe, Bwana, ulipovua kilemba: 'Nimeshindwa.' Ila Mwingereza alitoa neno tupu. Wewe umetoa na mtaa."