Mshono Ulioachwa Wazi

Sogeeni karibu, na wewe uliyekalia mkeka wangu, acha kuchezea nyuzi zake. Ulimwengu uliharibika hivyo hivyo.

Zamani sana, kabla ya mabonde na kabla ya milima, ardhi yote ilikuwa mkeka mmoja uliotandazwa juu ya moto. Chini yake mawe yalichemka kama uji mzito, lakini watu waliolala juu yake hawakujua lolote. Mkeka huo ulikuwa wa mashupatu, yaani vipande virefu vilivyosukwa kwa majani makavu yaitwayo miyaa, kisha vikashonwa kimoja kwa kingine. Aliyeusuka alikuwa Bi Nyange. Uzee ulimkuta akiwa amebakiza mshono mmoja tu, ule wa katikati, akawaachia binti zake wawili, Mize na Subira. Aliwapa uzi mmoja mrefu na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka.

"Wanangu," aliwaambia, "asiinuke mtu kabla ya fundo kufungwa."

Hakueleza sababu. Baada ya siku chache akafariki.

Wakashona. Mize alikaa upande wa macheo na Subira upande wa machweo, magoti yakigusana, shazia ikipita mkono kwa mkono. Mize alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote, ingawa hakuwa mtu wa kuyasema hayo. Ila alikuwa mwepesi wa hasira, kama baadhi yenu hapa, sitaji jina.

Zilipobaki shibiri tatu, Subira aliinama akautazama mshono, akacheka.

"Da Mize, mbona umekwenda upande? Mama angeufumua huu."

Ulikuwa utani tu. Lakini mama yao alizikwa juzi, na mgongo wa Mize ulikuwa ukiuma tangu alfajiri. Neno lile lilimchoma.

"Basi shona mwenyewe, unayejua!"

Akainuka, uzi ukiwa bado umezunguka kidole chake, akaondoka bila kugeuka. Uzi haukuwa na fundo, ukamfuata. Nyuma yake mshono ulifumuka tundu kwa tundu, kutoka kaskazini hadi kusini.

Aliusikia ukifumuka. Hilo ndilo lililomtesa maisha yake yote, kwamba aliusikia na hakusimama. Alijiambia kwamba angerudi jioni, wakashone upya.

Jioni ufa ulikuwa na upana wa hatua moja. Subira alikuwa amekaa palepale, amenyoosha mkono.

"Dada, ruka!"

Angeweza kuruka. Hata mtoto angeweza. Ila Mize alitaka kwanza aombwe radhi, akakaa chini na kumpa mdogo wake mgongo. Kulipokucha, ufa ulikuwa umekuwa bonde, mvuke umetanda katikati, na mchemko wa chini unameza kila sauti. Sasa Mize ndiye aliyepiga kelele.

"Subira! Nisamehe, mdogo wangu, kosa ni langu!"

Aliona midomo ya Subira ikijibu, asisikie hata neno moja. Alilia mpaka sauti ikamkauka.

Na tangu siku hiyo vipande vya ardhi havijatulia. Moto wa chini huvisogeza, kama utando wa uji unavyosogea juu ya sufuria inayochemka. Bonde la Ufa linazidi kupanuka, polepole kuliko kucha inavyokua. Kwingineko vipande husukumana, vikajikunja kama mkeka uliosukumwa ukutani, na mikunjo hiyo ndiyo milima. Ardhi inapotetemeka, vyombo vikaanguka kabatini na watu wakakimbilia nje, ni Mize anavuta uzi, anajaribu kuuleta karibu upande wa mdogo wake. Anavuta na bonde linapanuka vilevile.

Ndiyo maana kwetu anayeshona mkeka haitwi kula wala kupokea mgeni mpaka afunge fundo. Mnatucheka kwa hilo, najua.

Na Subira, ng'ambo ile, bado amekaa palepale alipoachwa, mkono ameunyoosha. Hajainuka hata mara moja, maana mama yao aliwakataza.