Kidari cha Nakundwa

Sogeeni karibu, na mwenye kutaka kusinzia asinzie sasa hivi, maana hadithi hii sitaimaliza mimi. Mtaimalizia ninyi, na najua mtagombana.

Palikuwa na watu watatu huko milimani Upareni, kila mmoja na kipaji chake. Elinaike alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu na mdomo usio na mlango. Akikuona umevaa sweta kinyume, kanisa zima litajua kabla mchungaji hajafungua Biblia. Daktari Mrindoko alikuwa mbishi. Jibu la kwanza hakulikubali, hata akipewa na mkubwa wake. Na Mama Yese, mjane wa watu, alikuwa na subira ya kuchosha. Ukimkosea hakugombezi, anaendelea na kazi zake mpaka unaanza kujigombeza mwenyewe.

Watatu hao walikutana kwa mtu mmoja, Nakundwa, mke wa Yese. Mama Yese ni mama mkwe wake, na Elinaike, binti wa Mama Yese, ni wifi yake. Siku ninayoisimulia, Nakundwa alikuwa amesimama uani mbele ya ukoo mzima, ameshika kidari cha mbuzi juu ya jani la mgomba, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Niwaeleze. Katika ukoo ule, mtu akiponea chupuchupu kwenye ugonjwa mkubwa huchinjiwa mbuzi. Nyama nyingine hugawanywa kama kawaida, lakini kidari aliyepona humpa mtu mmoja, yule aliyemrudisha. Hakikatwi vipande. Na kabla ya kukitoa lazima asimame aseme mbele za watu mtu huyo alimtendea nini, tangu mwanzo, bila kuruka. Kutoa kidari si kazi. Kazi ni huko kusema.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama mzaha. Viungo vilimuuma, pua ikatoka damu, kwenye zahanati akapewa dawa ya malaria, akarudi akapewa nyingine. Kisha miguu ikatoka madoa mekundu yasiyofutika hata ukiyabonyeza, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nakundwa akaficha. Alijifunga kanga mbili mpaka kwenye nyayo, jua kali, akawa anaingia chooni na ndoo ya maji ili asafishe kabla hajaingia mwingine. Aliogopa watu wangesema ameletewa ugonjwa na mwanamume wa nje, na kwao maneno kama hayo hayafutiki.

Sasa sikilizeni alichofanya Elinaike. Kwa jirani kulikuwa na harusi, wanawake wameketi wanamenya ndizi. Elinaike akamtazama wifi yake, akamtazama tena, halafu akamfunua kanga mbele ya wote.

"Jamani, iangalieni miguu hii! Na mkojo wake ni damu tupu, nimeuona kwa macho yangu. Huyu mtu anakufa na mmekaa mnamenya ndizi!"

Nakundwa alisimama na beseni la maji ya ndizi, akammwagia lote usoni.

"Tasa wewe!" akapiga kelele. "Ungekuwa na watoto ungechungulia nepi. Huna, ndiyo maana unachungulia mikojo ya watu!"

Hakuna aliyecheka. Elinaike alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto, na neno hilo hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Alijifuta uso, akaondoka, na tangu siku ile hakukanyaga tena kwa kaka yake. Lakini siri ilikwisha kumwagika na maji yale, na asubuhi yake Yese alimpeleka mkewe hospitali ya wilaya.

Huko ndiko alikokuwa Daktari Mrindoko, na sasa sikilizeni alichofanya yeye. Wenzake walisema ni malaria, wengine wakasema ni njia ya mkojo. Yeye akauliza kuhusu pua, akauliza kuhusu viungo, akainama akaitazama miguu. Akawapigia simu mabingwa wa mkoani mpaka wakachoka naye, wakakubali mgonjwa apelekwe. Wakachukua kipande cha figo kwa sindano, na ikaonekana kwamba mishipa midogo ya damu ilikuwa imevimba kwa ndani. Kinga ya mwili ilikuwa inaushambulia mwili wenyewe. Nakundwa akapewa vidonge vya kuituliza.

Vidonge vile vilimuumua uso kama andazi. Mashavu yakajaa, usingizi ukakimbia, watoto wa jirani wakamwita kwa jina ambalo sitalitaja hapa. Basi akawa anavitia mdomoni, anageuka, anavitemea kwenye majivu ya jikoni. Alipoulizwa kliniki kama anameza alijibu, "Zote, daktari. Sibakishi."

Hali ikawa mbaya tena. Akalazwa mkoani, Mrindoko akamsindikiza, na mabingwa wakaja kitandani na wanafunzi wao. Mkubwa wao akamfokea Mrindoko mbele ya wote kwamba alipima dawa kidogo, kwamba wa wilayani waache kujifanya wanajua. Mrindoko alikuwa amemwamini mgonjwa wake, akainamisha kichwa.

"Inawezekana kosa ni langu, mzee," alisema.

Nakundwa alikuwa amelala palepale, anasikia kila neno. Angesema neno moja tu. Alivuta shuka, akajifunika uso.

Nakundwa aliporudi nyumbani, Mama Yese alikuwa amekwenda kuzoa majivu ayapeleke migombani, akakuta vidonge. Sikilizeni na yeye alichofanya. Hakumwambia mwanawe, wala jirani. Alivikusanya, akavitupa chooni, na kuanzia asubuhi iliyofuata akawa anasimama mbele ya Nakundwa na kikombe cha uji mpaka ameze, kisha anamwambia afungue mdomo. Daktari alikataza chumvi nyingi, basi Mama Yese akaacha kuitia kwa nyumba nzima, mgonjwa asijione ametengwa. Yese alinung'unika mpaka akachoka. Daktari alisema mgonjwa akipata kikohozi anaweza kufa, basi Mama Yese akasimama mlangoni akawarudisha wageni wanaokohoa, hata mzee wa kanisa. Wakamwita mwenye roho mbaya. Akabaki palepale mlangoni.

Na Nakundwa alimlipa nini? Asubuhi moja, amejitazama kwenye kioo, amelia, alikisukuma kikombe.

"Nimeshakujua, mama. Unanipa sumu nife, mwanao apate kuoa mwingine."

Mama Yese aliokota kikombe, akakifuta kwa upindo wa kanga.

"Meza kwanza, mwanangu," alisema. "Ukishameza, nitukane vizuri."

Mwanamke huyo alikuwa anamwuguza mtu aliyemwita binti yake tasa. Msisahau hilo.

Akameza. Polepole mkojo ukasafika, madoa yakafifia, figo zikashika kazi. Kliniki ya mwisho Nakundwa aliuliza kitu kilichokuwa kinamsumbua: kwa nini yeye amepona, na yule dada waliyelala naye wodini amezikwa?

"Yeye aliletwa figo zimeshakufa," alisema Mrindoko. "Wewe ulifika zingali na uhai. Halafu ugonjwa ukapata jina lake mapema, maana wengi hutibiwa malaria mpaka mwisho. Na dawa ulizishika, hukupata maambukizi. Umri nao ulikusaidia, lakini umri hauna wa kumshukuru."

Aliposema dawa ulizishika, Nakundwa alitazama sakafu.

"Kipi kikubwa kuliko vyote, daktari?"

"Mama, ondoa kimoja chochote, leo tusingekuwa tunaongea."

Ndivyo tulivyofika uani, kwenye kidari. Daktari Mrindoko alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha heshima, anatabasamu, hajui chochote. Elinaike alikuja kwa sababu kaka yake alimbembeleza. Alikaa upande wa wanawake wanaoosha vyombo na hakuinua macho. Mama Yese alikuwa jikoni, na Nakundwa alipopita kuchukua kidari alimshika mkono.

"Mpe daktari," alimnong'oneza. "Atafurahi, na watu wataona ni sawa. Yetu tutayamaliza wenyewe humu ndani."

Nakundwa alisikia nafuu, na papo hapo akaionea haya nafuu yenyewe. Akimpa daktari, itabidi aseme habari ya majivu, au airuke na kudanganya mbele ya mtu aliyetukanwa kwa ajili yake. Akimpa mama mkwe, itabidi ataje sumu, na Yese yuko pale anasikiliza. Akimpa wifi, itabidi alirudie lile neno mbele ya mume wa Elinaike na wakwe zake, ili amshukuru kwa kumchoma mara ya pili.

"Haya, mama," alisema baba mkubwa wa Yese, ambaye ndiye aliyesimamia shughuli. "Tunakusikiliza. Nani alikurudisha?"

Watu wakamgeukia. Hata waliokuwa wanaosha vyombo waliacha. Uso wa Nakundwa, uliokwisha kurudi kuwa wake, ulikuwa unawaka moto kwa aibu. Alitazama kitini, akatazama jikoni, akatazama kwenye masufuria, na kila alipotazama alimwona mtu aliyemwokoa na ambaye yeye alimtendea ubaya.

Mimi naishia hapa. Mmoja aliona na kusema, akatukanwa. Mmoja alitafuta mpaka akapata, akadanganywa na kubeba lawama. Mmoja alisimama naye kila asubuhi, akaitwa muuaji. Pasipo mmoja wao yeyote, wale wawili wengine wangemwuguza maiti. Wapo watakaosema apewe aliyefanya zaidi, na wapo watakaosema apewe aliyeumizwa zaidi. Na yupo mmoja hapa, namwona, anawaza kwamba Nakundwa ampe yule ambaye habari yake itamwaibisha kidogo kuliko za wengine.

Je, wewe ungempa nani, na ungeisimulia habari yake mpaka wapi? Semeni, jamani. Mama wa watu amesimama, nyama inapoa.