Nani Amjibu Daktari wa Shombo?

Sogeeni niwape kesi iliyonishinda mimi mwenyewe. Na nasema mapema, atakayeniambia "ni paka tu" sitamsikiliza, maana hapa kuna uhai wa baba wa watu.

Mzee Mbaruku wa Muheza alifiwa na mkewe, akabaki na watoto watatu wakubwa na paka dume wa marehemu, jina lake Shombo. Tangu siku ya mazishi mzee alikataa kula. Walimbembeleza wakachoka. Siku moja Shombo akaja kukaa mkekani pembeni yake, kama alivyozoea kukaa na marehemu, na mzee akamega tonge. Ikawa hivyo: paka akiwepo, mzee anakula, asipokuwepo, sahani inarudi jikoni ilivyo.

Basi paka huyo akapata maradhi ya kuziba mkojo. Kila baada ya wiki chache unaziba, na asipozibuliwa upesi anakufa. Daktari wa mifugo yuko mjini, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli.

Mwantumu, binti mkubwa, alijaliwa macho. Akimwona Shombo amechuchumaa kwenye mchanga mara ya tatu bila kulowesha chochote, husema, "Huyu leo si mzima," na hajawahi kukosea.

Hemedi, wa kati, alijaliwa miguu. Mabasi hayakumtaka paka anayelia njia nzima, kwa hiyo alimtia kwenye kikapu, akafunga kanga juu, akakanyaga baiskeli. Siku moja ya mvua aliteleza darajani akavunjika kidole. Aliinuka, akaendelea.

Sauda, kitinda mimba, alijaliwa mikono. Alipanda nyuma ya baiskeli, kikapu mapajani, maana Shombo alimng'ata kila mtu, daktari naye ana kovu, ila Sauda hakumng'ata. Bila yeye kumshika, mpira mwembamba wa kuzibulia mkojo hauingii. Na nyumbani ndiye aliyemnywesha dawa asubuhi na jioni, miezi minane.

Mara sita walimwokoa hivyo. Ukimtoa mmoja wao, paka angekufa mara ya kwanza tu.

Mara ya saba Mwantumu naye alikwenda, yeye kwa basi, kwa sababu hakupenda alichokiona. Daktari alimpapasa paka tumbo, kisha akanawa mikono. Mpira hakuugusa.

"Kibofu kimechoka," alisema. "Nikimzibua leo, keshokutwa mtarudi, na atakuwa anaumia kuliko hivi. Naweza kumchoma sindano asiamke tena. Lakini sifanyi lolote mpaka mmoja wenu aniambie. Mmoja, si watatu mnaobishana."

"Basi mimi," Mwantumu alisema. "Nimemtazama muda wote huu. Amechoka. Mchome."

"Wewe umetazama tu, dada," Hemedi akamjibu. "Mimi nitamleta hata kila siku. Azibuliwe. Akifa huyu, na baba tutamzika."

Sauda alikuwa amemkumbatia paka, machozi yanamtoka. "Nyie mnapanga, lakini maumivu yake nayasikia mimi hapa mikononi," alisema. "Nikisema achomwe, namuua baba. Nikisema azibuliwe, namtesa huyu. Sijui niseme nini. Ila msiamue bila mimi."

Hemedi akaona heri baba aulizwe. Akapiga simu, akaweka spika wote wasikie.

"Baba, tuko kwa daktari."

"Afadhali umepiga," mzee akasema. "Leo samaki wake nimemchemsha mwenyewe. Mnarudi saa ngapi? Nina njaa."

Hemedi akampa Mwantumu simu, Mwantumu akaiweka mezani kwa daktari. "Haloo? Haloo?" mzee aliita, mpaka simu ikakatika.

Daktari bado amesimama pale anangoja.

Haya. Aliyeona, aliyebeba na aliyeshika: neno la nani lifuatwe? Na nani kati yao atamrudia mzee na kikapu? Msichukue muda mrefu, kwa sababu mkifikiri paka anaumia. Wewe unayenong'ona hapo nyuma, tuanze na wewe: ungemwambiaje daktari?