Maua Juu ya Dawati

Wapendwa, nina ugomvi na televisheni ya nyumbani kwangu. Binti yangu wa kidato cha pili ametuletea tamthilia za shule za Japani, zile zinazowekewa sauti ya Kiswahili, na juzi nikakaa pembeni yake nikiwa na nia ya kuzikosoa. Nikanaswa.

Kulikuwa na darasa moja. Sare safi, viatu vya nje vinaachwa mlangoni, hakuna anayepiga kelele. Lakini darasa lile lilikuwa na ngazi. Juu kabisa alikaa binti wa mwenye kiwanda. Akicheka wanacheka, akinuna wananuna. Chini kabisa alikuwa msichana mmoja ambaye mama yake alifagia kiwanda hichohicho. Jina lake sikulishika. Wale wa katikati hawakumchukia. Walijua tu kwamba akiondoka pale chini, mmoja wao atashushwa ashike nafasi yake.

Asubuhi moja msichana yule aliingia, akakuta juu ya dawati lake chombo chenye maua meupe. Mimi nikafurahi. Nikamwambia binti yangu, afadhali, leo wamemkumbuka. Akanitazama kwa huruma.

"Baba, kule maua ya mezani anawekewa mwanafunzi aliyekufa. Wanamwambia kwamba wameshamzika."

Nikakirudisha sahanini kiazi nilichokuwa natafuna.

Mwalimu akaingia, akaanza kuita majina. Alipofika kwa yule msichana akayaona maua. Akamtupia jicho binti wa mwenye kiwanda, akakumbuka ni nani aliyeijengea shule ukumbi. Akaruka, akaita jina linalofuata. Msichana akasimama.

"Mwalimu, mimi nipo."

"Kaa chini. Tunachelewa kuanza somo."

Akakaa. Siku tatu alikaa nyuma ya yale maua, na siku zote tatu jina lake likarukwa. Siku ya nne mwalimu aliingia ameshika karatasi kutoka ofisini, na nyuma ya yale maua hapakuwa na mtu. Siku hiyo akaliita lile jina, tena mara mbili. Hakuna aliyeitika. Mkuu wa shule akaagiza watu wakanunue maua ya kuweka pale mezani. Wakamwonyesha kwamba yapo tayari.

Wanafunzi wakaulizwa mmoja mmoja ni nani aliyeyaweka. Huyu alinunua chombo tu. Yule alichota maji tu. Wa dawati la jirani akasema yeye hakufanya kitu chochote, na huyo hakudanganya.

Naona mmehuzunika. Mnasema moyoni, jamani Wajapani! Haya, turudi kwetu. Sisi maua tunayakumbuka lini? Si makaburini? Tena pale tuna utaratibu wetu: aanze mheshimiwa, wafuate wazee wa kanisa, kisha kwaya, majirani mwisho kabisa, kila kundi na shada lake. Na huyo tunayempamba, alipokuwa hai nani alimpa hata mkono?

Kuna mama mmoja hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mwenye kitenge cha kijani kilichopauka. Pembeni yake pana nafasi kila Jumapili, hata siku ambazo watu wamekosa pa kukaa. Tunampita tukikimbilia kusalimiana na wa benchi la mbele. Msigeuke kumtafuta. Hayupo. Leo ni Jumapili ya tatu hayupo, na hakuna aliyemuulizia, kuanzia mimi mchungaji wenu. Jana nilifungua daftari la washarika ili nimwombee, nikagundua sijui nitafute jina gani.

Niliona aibu, nawaambieni ukweli. Nilikuwa nimemlaani mwalimu wa watu kwenye televisheni, kumbe ni mimi.

Ibada ikiisha sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Nakwenda kumtafuta yule mama. Anayelijua jina lake aniambie sasa hivi, nikamwite angali anaweza kuitika.