Benchi la Nungunungu

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nini?
Palikuwa na mgonjwa, palikuwa na sindano, palikuwa na kalio la kuchomwa!
Basi kaeni vizuri kwenye hayo mlio nayo, msikilize.

Hapo kale, kale sana, Nungunungu alikuwa na zahanati ya wanyama pangoni. Sindano hakununua. Alizaliwa nazo mgongoni.

Mkewe, Bi Mashavu, ndiye aliyesimamia benchi la wagonjwa pale nje. Kila aliyefika alimpokea kwa sauti ya kuamsha bonde zima: "Karibu! Unaumwa nini? Sema kwa nguvu, wenzako wasikie!"

Na mgonjwa alisema, hata kama ni kuhara.

Nungunungu aliona haya. Miaka saba alimwambia, "Mke wangu, siri ya mgonjwa ni siri." Miaka saba Bi Mashavu alimjibu, "Wewe choma sindano, baba. Benchi niachie mimi."

Kisha Bi Mashavu akaugua ugonjwa usiosikia sindano. Siku ya mwisho alimshika mumewe mkono, akasema, "Zahanati usiifunge." Nungunungu akakubali. Akamzika. Siku ya arobaini ilipopita, akafungua mlango.

Lakini zile kelele akazipiga marufuku. "Sasa tutafanya kazi kistaarabu," alisema. "Kila mtu akae kimya, aingie kwa zamu."

Siku ya kwanza alikuja Mbuzi, na nyuma yake Chui mwenye jino bovu. Nungunungu akaita, "Wa kwanza!" Akaingia Chui.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Amepona, daktari," Chui akasema, akijilamba. "Ameondoka."

Siku ya pili, Chui alirudi kusafishwa jino. Mbele yake alikaa Digidigi, akikohoa. Kikohozi kikakatika ghafla. Akaingia Chui.

"Digidigi je?"

"Amepona."

Siku ya tatu alikuwa Ngiri, akijikuna ubavu kwenye benchi, kwaru, kwaru, kwaru. Kwaru ya nne haikusikika.

"Naye amepona?"

"Kabisa."

Nungunungu akaandika: wamepona watatu. Hakuwahi kuponya kwa haraka hivyo, tena bila kumgusa mgonjwa. Siku zile akili yake ilikuwa bado kaburini.

Siku ya nne hakuja mtu. Siku ya tano hakuja mtu. Siku ya sita alikuja Fisi na kamba, akaanza kulipima pango.

"Pole na msiba, daktari. Kesho ikipita bila mgonjwa, mimi nahamia hapa. Nafungua bucha."

"Bucha? Hapa?"

"Mahali penyewe pameshazoea! Hebu litazame benchi lako."

Nungunungu akalitazama. Akaona damu. Akaona kwato moja.

Jioni hiyo hiyo Chui akaja akitambaa. "Daktari, nakufa! Nakohoa, najikuna, na tumbo halinipi hata nafasi ya kupiga hodi!"

Nungunungu akamkagua polepole. "Kikohozi hiki nakijua, ni cha Digidigi. Upele huu ni wa Ngiri. Basi hili tumbo ni la Mbuzi. Umewala wagonjwa wangu."

Chui akaangua kilio. "Ningejua wanaumwa hivi ningewagusa? Mbona hawakusema?"

Nungunungu akalitazama tena benchi.

"Hawakuulizwa," alisema.

Miaka saba alidhani zile kelele za mkewe ni umbea.

Akang'oa miiba mitatu mirefu. "Geuka."

"Yote mitatu, daktari?"

"Kila uliyemla, mwiba wake. Geuka."

Alfajiri, Nungunungu alipanda juu ya benchi. Akapaza sauti, nayo ikakwaruza mwanzoni: "Karibuni! Mnaumwa nini? Semeni kwa nguvu, wenzenu wasikie!"

Bonde likayatambua maneno yale. Kobe akaja. Swala akaja. Kondoo akaja. Na Chui akaja kukaguliwa makalio.

"Nina kidonda mkiani!" Kondoo akapiga kelele. "Kina funza!"

Chui akasogea mbali kidogo.

Swala hakuwa na lolote ila mimba changa. Akamtazama Chui, akasema, "Mimi nina vyote alivyonavyo Kondoo, na kingine ambacho hakijapata jina!"

Chui akasogea mpaka akaanguka chini.

Hapo akafika Fisi na kamba yake, akaketi katikati ya benchi kama mwenye nyumba.

"Unaumwa nini?" Nungunungu akauliza.

"Mimi? Siumwi kitu! Mzima kama jiwe!"

Benchi zima likageuka. Chui akamtazama paja, akameza mate.

"Nimekumbuka!" Fisi akapiga yowe. "Naumwa! Naumwa sana!" Akatimua mbio, wala hakungoja zamu. Kamba yake ipo mpaka leo, Kobe ameifanya mkanda.

Wagonjwa walipokwisha, alibaki Kobe, na Nungunungu akaketi kando yake.

"Na wewe, daktari, unaumwa nini?"

Nungunungu akasema kwa nguvu, kama ilivyo desturi:

"Naumwa upande wa kushoto wa kitanda, ule mtupu."

Kobe hakumpa dawa. Alisogea, akakaa naye hadi jua likazama.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza: kifo kisipowahi, Chui atawahi. Basi utajeni ugonjwa wenu. Na anayewauliza kwa kelele, msimnyamazishe. Huenda ndiye anayewalinda.

Ngano yangu imepona, naitoa benchini. Anayefuata aingie, lakini kwanza aseme anaumwa nini.