Mashine ya Mzee Ntandu Inamisi

Palikuwa na tajiri mmoja kule Ikungi, Mzee Ntandu, mwenye mashine ya kukamua alizeti, aliyetaka watu wapimwe kama plagi za gari. Msicheke bado, nakuja.

Huyu mzee tumbo lilikuwa linafika kazini kabla yake. Kazi yake pale mashineni ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kukohoa. Akikohoa, watu wanaruka. Hajui kupima, hajui kupika, hajui kuendesha. Ila kufukuza watu, hapo mwenzenu ni bingwa.

Chini yake walikuwa watatu. Bi Chausiku, mpishi wa wabeba magunia, mjane wa watu, kula yake yote iko kwenye lile jiko. Njiku, mpima mizani. Na Sikudhani, dereva wa pikapu, mwanamke mrefu mwenye mdomo, we, ule mdomo ungeuwekea matairi ungefika Dodoma bila dereva.

Pikapu yenyewe kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Asubuhi moja ikaanza kumisi. Inakohoa, inatikisika, inaruka kama mbuzi aliyeona chatu, mlima haipandi. Mzee Ntandu akaja juu, Sikudhani kaniulia gari, afunge virago. Sikudhani akamwambia asimame aangalie kwanza, kufukuzwa hakuchachi, hata mchana kutalika.

Akafungua boneti, injini inaunguruma. Akavua ndara, akaivaa mkononi umeme usimpige shoti. Injini ile ina plagi nne, kila plagi na waya wake. Akachomoa waya wa kwanza, injini ikalegea, karibu izime. Akaurudisha. Wa pili, vile vile. Wa tatu kachomoa, wapi. Mlio ule ule, kama hajagusa kitu.

"Huyu hapa," akasema. "Anakula, hafanyi kazi."

Kumbe waya umepasuka, umeme unavujia pembeni, kwenye plagi haufiki. Akaomba waya kwa fundi jirani, akauchomeka, pikapu ikatulia inaimba.

Mzee Ntandu angenyamaza, yangeishia hapo. Lakini macho yalimng'aa. Akakusanya watu wote, wakulima na magunia yao, akatangaza kwamba mashine yake nayo inamisi. Mafuta yanatoka kidogo, maana yake kuna mtu pale anakula hafanyi kazi. Sikudhani atawachomoa mmoja mmoja. Atakayechomolewa mlio usibadilike, anakwenda kwao.

"Na wote wakionekana wazima?" Sikudhani akauliza.

"Basi mbovu ni fundi. Utaondoka wewe."

"Na huyo mbovu, hata akiwa nani, unamwondoa?"

"Hata akiwa katoka tumbo moja na mimi. Watu hawa wote mashahidi."

Bi Chausiku akaanza kulia pale pale, maana alijua mzee anamtaka yeye, jiko ampe dada wa mke mdogo.

Wakaanza naye. Akabaki nyumbani kwake. Kufika saa saba wabeba magunia wamelala juu ya magunia kama paka wa msikitini, hakuna anayegeuza hata shingo. Bi Chausiku akafuatwa mbio. Akachomolewa Njiku. Mzee akapima mwenyewe, anasoma mizani huku miwani iko kwenye paji la uso. Mkulima mmoja kamuuzia gunia, kazunguka nyuma, kamuuzia lile lile tena. Watu walicheka mpaka khanga zikawavuka. Njiku akarudishwa. Mwisho akajichomoa Sikudhani mwenyewe, akakaa kwake anasuka ukili. Mzee akapanda kwenye pikapu aonyeshe kwamba dereva si kitu. Ikarudi nyuma, ikabomoa choo. Choo chake mwenyewe.

Kesho yake akamwita Sikudhani mbele ya watu, jasho linamtiririka.

"Umeshindwa. Wote wazima. Funga virago."

"Sijamaliza, mzee. Injini ina plagi nne."

"Hapa mko watatu."

"Wanne."

"Wa nne nani?"

Sikudhani akainama. Akavua ndara, akaivaa mkononi, akaanza kumsogelea.

Mzee akarudi nyuma na kiti chake.

"Mimi si plagi, we mwanamke. Mimi ndiye dereva wa mashine hii."

"Hilo tukakiulize choo."

Wakulima wakaanza kukohoa kohoa, wengine wamejiziba midomo kwa kofia. Mzee akawatazama mashahidi aliowaita mwenyewe, akaona leo ni wengi mno. Akamvuta Sikudhani pembeni, nyuma ya mapipa, akamwambia yaishe, haondoki mtu, Bi Chausiku abaki na jiko lake. Sikudhani akasema hasikii vizuri, mashine ina kelele, aseme kwa sauti. Akasema kwa sauti. Bi Chausiku akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Si angekwenda zake? Hakwenda. Roho ilikuwa inamkereketa. Akamwinamia Sikudhani sikioni.

"Ile wiki niliyokwenda harusini Manyoni. Mlio ulibadilika?"

"Ulibadilika, mzee. Tena sana."

Mzee akavuta pumzi, tumbo likajaa, meno yakaonekana. Akasahau kunong'ona.

"Si nilijua. Hebu waambie na hawa wasikie. Ulibadilikaje?"

"Uliacha kumisi."